Mama, Abdi Asipande Ndege

Mama yangu,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai barua hii imekukuta umeketi, goti limetulia, na maziwa ya leo umeyamaliza sokoni kabla jua halijayageuza. Mimi mwili ni mzima. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unaniweka kwa spika, na mpaka jirani anajua nimekula nini. Anayekuletea ni dereva mmoja Mmeru wa kampuni nyingine, amemaliza mkataba wake anarudi. Najua Amina ndiye atakusomea. Amina dada yangu, soma yote. Ukifika penye uchungu usiruke ukasema "anawasalimu tu."

Mama, nimesikia kwamba yule wakala wa kazi za ng'ambo amekuja tena hapo nyumbani Isiolo, kwamba pasipoti ya mdogo wangu Abdi imetoka, na umemshukuru Mungu. Wakala amewaambia Waasia siku hizi wamekuwa wagumu kwa matajiri, kwa hiyo nafasi zimewafungukia Wakenya. Hapo hakudanganya. Wacha nikueleze zimefunguka vipi.

Hapa shambani kwa ngamia tulikuwa Wanepali, Wahindi, Wabangladeshi, na mimi Mkenya peke yangu. Tulikuwa sawa kwa kila kitu. Chumba kimoja, dengu zile zile, na pasipoti zetu zote zimefungiwa kwa msimamizi. Halafu tukasikia nchi zao za Asia zimekaa pamoja na hii nchi ya Kiarabu ya huku, maana nayo ni Asia vilevile, wakakubaliana juu ya watu wao: Ijumaa apumzike, likizo yake aende, pasipoti akae nayo mwenyewe. Nilifurahi, Mama. Wallahi nilifurahi kuliko wao, nikidhani mvua ikinyesha kwa jirani na kwangu itafika.

Siku ya kurudishiwa tulipangwa mstari uani. Msimamizi akaleta sanduku, akaita nchi baada ya nchi. Bahadur, Mnepali anayelala kitanda cha juu yangu, aliibusu yake kama mtoto aliyepotea akapatikana. Mstari ukaisha nikabaki mimi, na sandukuni kimebaki kitabu kimoja. Nikanyoosha mkono. Akafunga sanduku.

"Na yangu, bwana?"

"Wewe ni wa wapi?"

"Kenya. Unajua mimi ni wa Kenya."

"Kenya haimo kwenye makubaliano. Huyu nikimnyima, serikali yake inaniandikia, na za jirani zake zinamsaidia kupiga kelele. Wewe nikikunyima, nani ataniandikia?"

Nikashusha mkono. Wenzangu waliangalia chini kwa aibu isiyokuwa yao.

Tangu hapo wao wanapumzika Ijumaa, lakini ngamia hajui Ijumaa, lazima akamuliwe. Anakamua nani? Mimi. Sijasimama safu moja na watu kwa sala ya Ijumaa tangu siku ile, na msimamizi ni Mwislamu mwenzangu. Anapita na kanzu yake nyeupe akienda msikitini, ananipa salaam, na mimi namjibu huku nimeshika ndoo. Bahadur alikuja kunisaidia Ijumaa moja. Akafukuzwa zizini.

Sasa mkataba wa Mnepali ukiisha hauongezwi, kwa sababu amekuwa ghali. Wanatafuta mtu wa bei yangu. Juzi niliomba likizo yangu niliyocheleweshewa, msimamizi akaniuliza: "Una ndugu? Hizi ngamia kali zinakusikia wewe, zitamsikia na yeye. Siku mdogo wako akifika, siku hiyo nakupa pasipoti uende."

Hilo ndilo wakala hakukwambia. Abdi akiingia, mimi natoka. Na sitakuficha, Mama, neno hilo nililipenda. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Binti yangu ananijua kwa sauti tu, akiona simu ya mtu yeyote anaiita Baba. Nilikuwa nimeshaanza kujiambia kwamba Abdi ni kijana, ana nguvu kuliko mimi, atavumilia. Halafu nikamwona amesimama kwenye mstari ule akinyoosha mkono.

Amina atakueleza maana ya neno utandawazi, alilisoma shuleni. Eti dunia imekuwa kijiji kimoja. Sawa, lakini hata kijijini mtu asiye na jamaa ndiye anayeonewa. Mimi siwachukii Wanepali. Nchi zao si tajiri kutuzidi sana, ila zimejua kukaa pamoja. Sisi kule kwetu Biliqo nyasi zikiisha, hatusukumi mifugo usiku kama wezi. Tunatuma watu kwanza kwa wenye malisho, hata wale tuliopigana nao mwaka jana, wanaongea mpaka wanaelewana nani atanywesha asubuhi na nani jioni. Ndipo ngamia wanaondoka. Sasa niambie, wakubwa wetu wanaotufungulia milango ya ndege, walimtuma nani atangulie? Mganda anauzwa peke yake, Mkenya peke yake, Mhabeshi peke yake, na kila mmoja anampunguzia mwenzake bei. Ngamia wetu wanaombewa maji. Sisi hatukuombewa chochote.

Kwa hiyo Abdi asije. Kile kishamba cha Burat akilime, au aende kwa mjomba akachunge. Najua utasema mkono mtupu haulambwi. Kweli, lakini wa kwangu umefungwa. Wakala akija mpe chai, mgeni hanyimwi. Abdi usimpe.

Msalimie mjomba Boru huko Biliqo, mwambie ngamia wa huku wana mafuta lakini hawana adabu. Wasalimie akina mama wenzako wa maziwa. Mke wangu Habiba mwambie nitachelewa. Akiuliza mpaka lini, mwambie ukweli, kwamba sijui. Mbusu binti yangu.

Abdi atakasirika. Atasema kaka yake amekula akashiba, sasa anamzibia. Mwache aseme, asinipigie simu hata mwaka mzima. Akasirike, Mama, lakini akasirike akiwa Isiolo.

Ni mimi mwanao,
Halkano