Mlango wa Banda la Gari

Greymouth, Jumapili

Mwanangu Fergus,

Sisi wazima, ila mvua haijakatika wiki ya pili sasa. Baba yako anaukinga mlango wa banda la gari usipitishe baridi. Dukani walimpa pamba ya kubandika mlangoni, akaikataa. "Hewa ya bahari itailowesha, iote ukungu," akasema, akachukua mabamba ya povu gumu na mpira wa kuziba mwanya wa chini.

Nikamuuliza, "Gari lenyewe linalala nje, sasa unamkinga nani?"

Akasema, "Kifua cha Fergus hakiwezi ukungu."

Kitanda chako kimeshaingia humo bandani, mwanangu. Najua alikufukuza kwa maneno makali, na kuomba radhi hajui. Lakini siku tatu hizi amepiga magoti mbele ya mlango ule.

Njoo nyumbani.

Akupendaye,
Mama