Mizani Imesoma, Lakini Felicitas Sikumtaja

Mpendwa Mshauri, pokea shikamoo yangu kutoka Kayanga. Naomba msaada wako nikiwa na ushindi mkononi na aibu moyoni.

Mimi ni mhandisi mhitimu, nimeajiriwa na chama cha wakulima wa kahawa, na ndimi niliyeandika moduli, yaani kipande cha programu kinachochomekwa kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta ili isome mizani. Nilipoweka toleo jipya la mfumo, moduli ikakataa, kwa kuwa kazi za ndani za kiini, yaani amri zake, zilikuwa zimebadilishwa, nami nilikuwa nikiziita moja kwa moja katika sehemu arobaini na moja, na kwa kiburi nikailazimisha iingie, kompyuta ikaganda mbele ya foleni ya wakulima wa Ihembe, hata mmoja wao, Mzee Polikarpi, akauliza, "Mwanangu, na shahada yako imeganda?"

Ndipo nikamsikia Felicitas, karani wa dirishani, ambaye wakulima humweleza kwa Kinyambo naye humpasha meneja kwa Kiswahili. Meneja mpya alitaka jina la kijiji litangulie la mkulima. Felicitas akageuza mpangilio yeye peke yake, wakulima wakaendelea kumweleza kama zamani. "Kila meneja ana yake," aliniambia. "Nikibadilika mimi mmoja, foleni nzima haisumbuki."

Nikaandika faili moja la kusimama katikati: moduli huongea nalo kwa namna ileile daima, nalo hutazama toleo la kiini na kuita kazi inayofaa. Mizani ikasoma kwenye mfumo wa zamani na mpya, vigelegele vikapigwa, meneja akatangaza, "Kijana amebuni!" nami nikapokea sifa bila kumtaja Felicitas. Ijumaa nitawaeleza wajumbe wote wa chama jinsi nilivyofanya. Nikimtaja karani wa darasa la saba, je, elimu yangu haitadharauliwa? Felicitas hanisalimii tena.

Mhitimu, Kayanga

Marahaba, mhandisi, na hongera! Umeshinda kweli. Lakini ulipolazimisha moduli uligandisha kompyuta. Sasa unalazimisha sifa, utagandisha ofisi. Shahada gani hiyo inayoogopa jina la mtu?

Tunza kompyuta moja yenye mfumo wa zamani, na kila toleo jipya ulijaribu kando kabla msimu haujafunguliwa. Usilazimishe tena kitu kilichokataa. Kiini kikibadilika, rekebisha faili la katikati tu, na uandike ulichobadili.

Kesho panga foleni dirishani nyuma ya wakulima, na zamu yako ikifika, salimia wewe kwanza, uombe radhi. Ijumaa mwite asimame mbele, vigelegele vimfikie mwenyewe. Kisha fungua lile faili, na mstari wa juu kabisa uandike jina la Felicitas. Kiini kitabadilika tena na tena. Mstari huo usiuguse.