Nimwambieje Mtoto Kwamba Paka Wake Amekufa?

Mpendwa mshauri, nishike mkono maana akili yangu imegota. Mimi ni fundi cherehani, kaka yangu alihamia ng'ambo na familia yake akaniachia paka wa bintiye, tukimwita Bwana Mkubwa kwa maringo yake, na mtoto huyo Kiswahili kimemtoka, anaongea Kiingereza tu, na kila Jumapili hupiga simu kuuliza, "Shangazi, unampenda kweli?" nami nikajitia kumjibu kwa misemo ya Kiingereza ninayofundishwa na mwalimu tuliyepanga naye nyumba moja, mara nikamwambia paka ni tufaha la jicho langu, yaani kipenzi changu, akacheka akasema mwalimu mkuu wao mzee ndiye huongea hivyo, mara nikamwambia kunanyesha paka na mbwa, kumbe ni msemo wa mvua kubwa, nami nikidhani kwa kuwa paka yumo basi ni mapenzi, akauliza kama amelowa. Sasa Bwana Mkubwa amekufa, mshauri. Aligongwa na pikipiki mbele ya kibanda changu, akanifia mapajani juu ya gauni la mteja, na nilimpenda, nashona huku nalia, lakini Jumapili nilimwambia mtoto amelala, na tangu hapo natafuta msemo wa kumwonyesha nilivyompenda paka wake kabla sijamwambia, asije akadhani nilimtelekeza. Mwalimu amenipa mingi, hakuna unaonikaa mdomoni. Nichague upi?

Shangazi Fundi

Shangazi Fundi,

Pole sana. Kufiwa na mnyama ni kufiwa, na anayekucheka hajawahi kufuga. Lakini usinizungushe. Hutafuti msemo wewe, unakwepa kusema amekufa. Mtoto hakukuuliza unajua Kiingereza kiasi gani. Aliuliza kama unampenda paka wake, ukampa maneno ya kuazima huku ya kwako umeyafungia kifuani. Na hilo la "amelala" limenikera: mwenzio anasubiri aamke!

Mpigie kaka yako leo, Jumapili ni mbali. Akae na bintiye, amshike, akutafsirie. Wewe sema Kiswahili chako: amekufa, aligongwa, nilimpakata mpaka mwisho. Mweleze alikuwa analala wapi ukishona, alikuwa anakuamsha vipi asubuhi, alikuwa anaiba nini. Ukilia, lia, akusikie.

Akikasirika mwache, maana ulimdanganya, na umwombe radhi bila kujitetea. Halafu atauliza kama paka wake aliumia sana. Hapo usipambe kitu, shangazi. Mwambie ulichokiona.