Aliyekanyaga Breki Nyuma Yetu

Show Low, Arizona
Jumapili, mwezi wa Aprili

Dada Oleta mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji Burl, na wote waliomo humo nyumbani. Natumaini goti lako limepata nafuu sasa baridi ya Kentucky inapoachia, na kwamba viazi vimeshaingia ardhini. Mimi ni mzima, ila mgongo ndio huo huo, kwani mtu wa umri wangu hachimbi mitaro ya maji machafu bure. Ningeweza kukupigia simu, lakini mambo haya nikiyasema kwa sauti nitaonekana nimeanza kunywa tena. Sijanywa. Usikasirikie mwandiko wangu, unajua nilipoishia shule.

Nilikwambia kwamba nipo Apache Junction, kwenye kambi ya wazee wanaokimbia theluji. Wanaishi kwenye magari-nyumba yao, na kila mmoja huvuta gari dogo nyuma, magurudumu yote manne yakiwa chini, ili akishaegesha nyumba awe na cha kwendea dukani. Kazi yangu ni vyoo, mabomba, na chochote ambacho mwingine hataki kukishika. Joto likianza wanarudi kwao, na kambi nzima unaona watu wamepiga magoti nyuma ya magari wakifunga vyuma.

Kuna adabu moja pale ambayo hata mlevi anaiheshimu: mtu anayefunga gari la kuvuta hasemeshwi. Humsalimii, humwambii kahawa ipo tayari, hata mkewe hanyanyui mdomo. Akikatizwa atasahau hatua moja, na hatua moja inatosha. Mwaka juzi mmoja alisemeshwa akasahau kulitoa gari kwenye gia. Akaliburuza mpaka matairi yakaisha, huku watu njiani wanampungia mikono na yeye anawapungia, akidhani wanamuaga.

Sasa, wiki hii Bi Ardith Lindqvist alinijia nikiwa nazibua choo. Ni bibi wa Minnesota, mwembamba, macho yake yameanza kufifia. Aliniomba nimwendeshee gari-nyumba lake mpaka kwa dada yake hapa Show Low, na meneja akanipa ruhusa. Mumewe, Mzee Wendell, aliyekuwa dereva wa malori ya magogo maisha yake yote, hakuna aliyemwona tangu Krismasi. Kiti chake cha kukunja kilikuwa kimeondolewa nje, na Bi Ardith alikuwa ameacha kuja kwenye chakula cha pamoja. Kambi nzima ilijua kwamba mzee amekufa, ingawa hakuna aliyejua nani alimwambia. Roscoe, jirani yake, mdomo mrefu, aliposikia naondoka na bibi yule alinicheka. “Orval, chungulia kabatini kwanza. Usije ukasafiri na maiti.” Nilimwambia afunge bakuli lake.

Siku ya kuondoka Bi Ardith alinieleza kwamba yeye na mumewe walikuwa wakigawana kazi: mzee nje, kwenye vyuma, na yeye ndani ya gari dogo, kwenye gia, ufunguo na breki ya mkono. Alitaka tufanye vilevile. Nikaona sawa. Nikafunga chuma cha kuvutia, nikapachika pini, nikaunganisha nyaya za usalama na waya wa taa, wala sikuinua kichwa. Yeye alikuwa ndani ya gari dogo muda mrefu. Nilimsikia akinong’ona, nikajiambia anazihesabu hatua zake. Alipotoka alininyooshea dole gumba, na mimi hivyo hivyo. Hatukusemeshana. Ndiyo adabu yenyewe.

Nikamuuliza tu baadaye, tulipokwisha panda, kama ameweka kisanduku cha breki. Hiki, dada, hukaa sakafuni mbele ya kiti cha dereva kwenye gari linalovutwa, kina mkono unaobana pedali. Ukifunga breki mbele, nacho kinafunga nyuma. Bila hicho gari dogo linakusukuma mgongoni kwenye mteremko mpaka linakutupa. Alisema breki ipo.

Mbele ya dereva kuna skrini inayoonyesha nyuma. Mtu asiyezoea huogopa, maana gari linavutwa tupu, lakini usukani wake unazunguka wenyewe kila ukikata kona, kulia na kushoto, taratibu, kama kuna mikono. Mimi nimezoea. Tulipita mji wa Superior nikitazama usukani ule ukicheza, kiti kitupu, kila kitu shwari.

Baada ya Superior niliitazama tena skrini na kiti hakikuwa kitupu.

Nilidhani ni kivuli cha mwamba. Miamba ikaisha, na mtu bado alikuwepo: kofia, mabega, mikono miwili juu ya usukani. Kioo kilikuwa na vumbi na uso haukuonekana. Nilimtazama Bi Ardith, nikakuta naye anaitazama skrini, lakini hakushtuka. Alikuwa akiitazama kama mtu anavyotazama sufuria isije ikachemka na kumwagika. Nilimuuliza kama anaona ninachoona. Akatoa leso mfukoni, akaitundika juu ya skrini, akasema, “Angalia mbele, Orval. Nyuma kuna mwenyewe.”

Dada, nilisikia baridi kwenye jua la Arizona.

Ningesimama, lakini barabara ile haina pembeni, na nyuma yangu kulikuwa na foleni. Halafu nikaanza kuhisi breki. Kisanduku nakijua. Kinangoja ufunge wewe, kisha kinafuata, kimechelewa kidogo. Hii ilikuwa ikitangulia. Tulipokaribia taa za barabarani za mji wa Globe, kabla mguu wangu haujainuka, kitu kilituvuta kwa nyuma, polepole, kama mtu aliyekushika koti. Nikajaribu kusema ni hitilafu ya mitambo. Bi Ardith alikuwa amefumba macho, midomo inacheza.

Baada ya Globe unaingia kwenye korongo la Mto Salt. Barabara inashuka kwa kujikunja, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine hewa tupu na mto chini kama uzi. Niliweka gia nzito nikashuka nikisali. Kila kona, kabla sijafunga, kitu kile kilitushika na kutuachia. Kwenye kona moja kali niliingia kwa kasi nisiyopaswa, harufu ya breki zinazoungua ikajaa ndani, vyombo vikaanza kuanguka kabatini, na nikajua tumekwisha. Ndipo kikatubana kweli. Nyumba nzima ilinyooka kama farasi aliyevutwa hatamu. Tukapita. Nilijikuta nasema asante kwa sauti, sijui kwa nani.

Chini darajani kuna mahali pa kuegesha. Nilizima injini nikashuka. Bi Ardith aliniita nirudi, akanisihi, akanishika mkono wa shati. Nilimwambia aniachie, kwamba kama ni mzimu nataka niuone uso wake ndipo nijue kama narudi Kentucky leo hii.

Nilifungua mlango. Alikuwa Mzee Wendell, hai, shati limelowa jasho, mguu unatetemeka juu ya pedali, maana gari lisipowashwa breki yake huwa ngumu kama jiwe. Kisanduku cha breki hakikuwamo. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na blanketi alilokuwa amejifunika. Alinitazama kwa hasira akasema, “Kijana, wewe umemwona huyo mjinga wa mbele? Ananibana tangu asubuhi. Nampigia honi, hasikii. Nataka kumpita, hapitiki. Leseni alinunua wapi?”

Mjinga wa mbele, dada, nilikuwa mimi.

Bi Ardith alikaa kwenye ngazi ya gari-nyumba akaniambia yote. Mzee amepotewa na akili tangu vuli, hajui mwaka wala watoto wake. Binti yao alikuwa anakuja Jumamosi kumchukua, ampeleke kwenye nyumba ya wazee yenye milango inayofungwa, na mama abaki peke yake. Ndiyo maana alimficha na akawaacha watu waseme amekufa. Akipandishwa kama abiria mzee hupiga kelele, na mara moja alifungua mlango gari likiwa kwenye mwendo. Lakini mpe usukani mkononi, anatulia. Kwa hiyo alimpa: alfajiri alimlaza kiti cha nyuma chini ya blanketi, akamnong’oneza kwamba akiamka ahamie mbele kwenye usukani.

Nilimkaripia, ingawa ni mkubwa wangu. Nilimwambia kwamba mzee angezungusha usukani ule vibaya mara moja tu, sote watatu tungekuwa mtoni. Alinijibu kwamba mumewe hajawahi kuzungusha usukani vibaya, na akalia.

Kupanda upande wa pili kwa namna ile nilikataa. Nilitoa kisanduku kabatini, alikokiacha Bi Ardith, nikamwendea mzee. Nilimwambia kwamba yule wa mbele ni mgeni wa barabara hizi, anaogopa, na anaomba mtu mzoefu akae karibu naye amwongoze. “Ningejua mapema,” akasema, akashuka. Nikafunga kisanduku kwenye pedali, nikasogeza kiti mpaka kikakibana, nikakagua hatua zote, safari hii za Bi Ardith na zangu, na hakuna aliyenisemesha.

Alikaa kiti cha abiria akinitukana taratibu mlima mzima. Gia hiyo siyo. Usiikumbatie kona, siyo mkeo. Leso ilikuwa imeanguka, na tulipofika juu alinyamaza ghafla. Alikuwa anaitazama skrini. Kule nyuma gari dogo linakuja, kiti kitupu, usukani unazunguka kushoto, unarudi kulia. Nilingoja kelele. Nikajiandaa kumshika asifungue mlango. Akaniuliza yule nyuma ni nani. Nilimwambia hakuna mtu, ni gari tu.

“Yupo,” akasema. “Ni mimi yule. Anakuja vizuri.” Akainua mkono akakipungia kile kiti kitupu. Kisha akaendelea kutazama muda mrefu, kichwa ameinamisha upande mmoja, halafu akatabasamu, kama mtu aliyepungiwa naye. Mimi sikuitazama skrini tena mpaka tunafika.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Jana jioni nilichukua namba ya yule binti kwa dada yake Bi Ardith, nikampigia. Nilimwambia baba yake yuko wapi na alisafirije. Sikuongeza wala sikupunguza. Anafika kesho. Bi Ardith hajanisemesha tangu hapo, chakula ananiwekea mlangoni. Sijui kama nimeokoa watu au nimewatenganisha. Huenda yote mawili.

Gari dogo nimelifungua, lipo uani, na betri nimeitoa. Mzee anakaa ndani yake kutwa nzima, mikono juu ya usukani, nyuma ya gari-nyumba. Kila nikipita anasogeza mdomo kwenye ufa wa dirisha ananiuliza kama yule wa mbele ameanza kuondoka. Namwambia bado. Anashukuru, na anangoja.

Nisalimie shemeji, na mwambie kisu chake bado ninacho. Nisalimie pia mama mchungaji na yeyote atakayeuliza habari zangu. Wewe jitunze na goti hilo, na ukiniandikia tumia anwani ile ile ya kambini, nitakuwa nimerudi huko.

Ni mimi nduguyo anayekupenda,
Orval