Paa Jipya la Nyumba ya Wazee

Vassgrend, 9 Februari 1998

Jina lako limetoka, Eivind. Ukurasa wa mwisho wa jarida la halmashauri, chini kabisa, kwa wino mweusi: Mhariri, Eivind Lidal. Nimelikata hilo jarida na kulibandika ukutani juu ya meza ya kahawa, kisha nikachukua jingine dukani, maana la kwanza limeshatobolewa pini.

Haya, sasa salamu. U mzima, mwanangu? Kikohozi kimekwisha? Mimi sijambo, magoti tu yananisumbua kukiwa na baridi kali, na baridi yenyewe haitaki kuondoka. Kondoo wazima. Baba yako yuko vilevile. Mkono wa kulia haujarudi, na sauti haijarudi, lakini nikimsomea anaushika mkono wangu kwa ule wa kushoto, na anaushika kwa nguvu. Ndiyo maana nataka barua, usinipigie simu. Simu siwezi kumsomea.

Nilisoma jarida lote dukani kwa Oddmund, watu wamekaa na vikombe vyao kwenye benchi la dirishani. Siku za lori la taka, saa za muuguzi wa watoto, barabara zitakazosukumwa theluji kwanza na zitakazongoja, siku ambayo basi la vitabu litafika kwetu. Oddmund akasema, "Mama Eivind, hizo habari za taka unazisoma kama Injili." Nikamwambia, "Wewe una wana wawili na hakuna hata mmoja anayeandika taka ikaeleweka." Watu wakacheka, naye akanimiminia kahawa.

Nilipomaliza nikavuka daraja hadi nyumba ya wazee nikamwonyesha baba yako jina lako. Akaliangalia kwa muda mrefu. Yule aliyesukuma theluji ya halmashauri maisha yake yote, leo mwanawe yumo ofisini mwa halmashauri. Nimewaambia wauguzi wote.

Mama yako mzazi,
Torbjørg


Nesvåg, 20 Februari 1998

Mama mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na magoti yamepungua maumivu. Kikohozi kimekwisha, nashukuru. Mfikishie baba salamu zangu, umwambie nitavuka mlima kuja kumwona barabara ikifunguka vizuri.

Umenichekesha na jarida la ukutani. Lakini mama, usiwatangazie sana. Mimi siamui chochote hapa. Madiwani wanaamua, mkurugenzi ananiletea karatasi, nami nazigeuza ziwe maneno ya watu. Basi.

Toleo lijalo utaona habari kwamba halmashauri itakagua majengo yake yote msimu wa joto, na nyumba ya wazee ya Vassgrend imo. Ni ukaguzi wa kawaida. Msiwe na wasiwasi.

Blanketi bado unaanika?

Mwanao,
Eivind


Vassgrend, 30 Aprili 1998

Eivind mwanangu,

Tunafanya msaragambo, kijiji kizima kazini pamoja! Nimeuitisha mimi mwenyewe, mama yako, na hakuna aliyekataa.

Pole, nimeanza vibaya tena. Hujambo? Unakula? Nimekutumia soksi na jibini ya kahawia kwa dereva wa basi, uzidai, maana ana tabia ya kusahau. Baba yako hajambo kidogo. Blanketi naanika, hilo usiulize. Kila asubuhi nalitundika lile jekundu kwenye kamba nyuma ya nyumba, naye akiwa kitandani analiona kwa dirisha ng'ambo ya mto, anajua nimeamka na nakuja. Siku moja nilichelewa kulitundika kwa sababu ya kondoo aliyekuwa anazaa, muuguzi akaniambia alikataa uji mpaka alipoliona.

Sasa sikiliza. Niliposoma ile habari ya ukaguzi dukani, Synnøve wa kinuni akasema, "Mkaguzi akiona paa linavuja vile, wataifunga nyumba. Ndivyo walivyoifanyia shule." Kila mmoja ana mtu wake mle ndani, au ataingia mwenyewe. Yeye Synnøve ana mama yake. Nikasimama nikasema, nyumba hii baba zetu waliijenga kwa mikono yao siku za Jumamosi kabla halmashauri haijajua kwamba huku kuna wazee. Haiwezi kufungwa kwa ajili ya mabati. Tuingie kazini, mkaguzi akija akute nyumba inayong'aa.

Oddmund anatoa rangi na misumari. Wenye matrekta wanaleta mbao. Mimi naoka maandazi ya iliki, na napanda ngazi pia, usicheke. Nimewaambia, mwanangu yuko halmashauri, atasema neno zuri, lakini na sisi tumsaidie kwa kuwa na kitu cha kusifia.

Mama yako,
Torbjørg


Nesvåg, 8 Mei 1998

Mama mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa baba. Mimi mzima. Soksi nimezipata, jibini dereva aliila, aliniomba msamaha.

Mama, tafadhali usipande ngazi. Wewe si msichana. Na hilo paa, sioni haja ya haraka. Limevuja miaka mingi, linaweza kungoja mkaguzi alione lilivyo. Halmashauri ina mafundi wake. Pumzikeni, pandeni viazi vyenu.

Hapa kazi nyingi, vikao kila siku. Siwezi kuandika mengi.

Mwanao,
Eivind


Vassgrend, 15 Juni 1998

Mwanangu Eivind,

Amekuja na amesifia.

U hali gani? Barua yako ilikuwa fupi kama ya daktari. Mimi mzima kuliko wote, kwa sababu nilipanda ngazi na sikuanguka. Kupumzika nitapumzika kaburini, viazi tumepanda jioni jioni.

Ungeona, mwanangu. Watu walitoka kila bonde, hata wale wa Øvregard ambao hawajasemezana na watu wa kinuni tangu ugomvi wa ua wa mpakani. Walishika ubao mmoja, huyu huku, yule kule, hawakusalimiana, lakini ubao ulifika juu. Paa lote jipya. Kuta tumepaka rangi nyeupe, fremu za madirisha kijani. Tumeng'oa sakafu ya barazani iliyooza tukaweka ya msonobari. Wazee tuliwatoa nje kwenye viti vyao, na baba yako alikuwa anaelekeza kwa mkono wa kushoto. Kila msumari ukipinda anatikisa kichwa. Oddmund akamwambia, "Halvard, tangu upoteze sauti umekuwa mkali zaidi." Baba yako alicheka. Hakutoa sauti, lakini alicheka, nimeona kwa macho yangu.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Aligonga kuta, akapanda darini, akashuka akasema hajaona jengo la halmashauri lililotunzwa hivi katika wilaya nzima. Nikamwambia, "Mimi ni mama wa Eivind Lidal, mhariri." Akasema anakujua, wewe ni mtu mtaratibu. Nikamfungia maandazi ya njiani.

Sasa wataiacha. Hata Synnøve ambaye haamini kitu amesema wataiacha.

Mama yako mwenye furaha,
Torbjørg


Vassgrend, 2 Septemba 1998

Eivind mwanangu,

Hujambo? Nauliza kwa sababu sijui. Tangu mkaguzi aondoke sijapata barua. Nyasi zimekatwa na kukaushwa, kondoo karibu watashuka mlimani, na wewe hukuja. Barabara imekuwa wazi msimu wote.

Sikulaumu, najua wakubwa wanakutegemea. Nawaambia watu hivyohivyo. Lakini wameanza kuniuliza, "Mama Eivind, vipi, neno lolote?" nami nawaambia kazi za serikali haziharakishwi.

Baba yako amepungua kidogo. Anakula nikimlisha mimi tu.

Niandikie hata mstari mmoja nimsomee.

Mama yako,
Torbjørg


Nesvåg, 23 Septemba 1998

Mama mpenzi,

Natumaini wewe na baba ni wazima. Keti kwanza, ndipo usome.

Baraza lilikutana jana. Wamepiga kura kuifunga nyumba ya wazee ya Vassgrend. Wazee wote watahamishiwa huku Nesvåg, kwenye jengo jipya karibu na hospitali. Walisema wauguzi hawapatikani, walisema wazee ni wachache na njia ni ndefu. Diwani wenu alipinga, akawa peke yake.

Na jengo limepata mnunuzi. Ni mtu wa kusini anayetaka kufungua nyumba ya wageni kwa watu wanaokuja kuvua samaki mtoni. Lilikuwa katika orodha ya majengo ya kuuzwa yakionekana yana hali nzuri. Mkaguzi aliandika kwamba hali yake ni nzuri sana.

Habari itatoka kwenye jarida Ijumaa. Nimeiandika mimi, ndiyo kazi yangu, lakini nimetaka uisikie kwanza kutoka kwangu. Natia barua hii posta leo ili ikuwahi.

Mwanao,
Eivind


Vassgrend, 4 Oktoba 1998

Eivind,

Haikuniwahi. Jarida lilikuja Ijumaa na gari la mkate. Barua yako ilizunguka kwanza mjini, ikafika Jumatatu.

Ijumaa nilikuwa dukani. Duka lilijaa, maana wote walikuwa wanangoja jarida. Oddmund akanisogezea kiti kama kawaida, akanipa miwani yake, yangu niliisahau. Nikasimama. Wewe unajua ninavyosoma, kwa sauti, na simwachii mtu mwingine. Nikasoma siku za lori la taka. Nikasoma chanjo ya mafua. Nikaona jina la Vassgrend na neno "wazee", nikanyanyua sauti. Nilishasema "imeamuliwa kwamba" kabla sijaona kilichofuata. Halafu nikaendelea, sikujua namna ya kunyamaza. Nilisoma mpaka kuhusu hali nzuri ya jengo. Nilisoma kwamba ndugu wa wazee watapata basi Jumanne na Ijumaa, hali ya hewa ikiruhusu. Wewe umezaliwa hapa. Unajua toka Krismasi mpaka Pasaka hali ya hewa huwa inaruhusu nini kule mlimani.

Nikafika chini, kwenye jina. Hilo sikulisoma.

Hakuna aliyenitukana. Oddmund aliifuta meza iliyokuwa safi. Synnøve akavaa koti lake, akasimama mlangoni akasema, "Mwanao anaandika vizuri, Mama Eivind. Kila neno limeeleweka." Kisha akasema, "Paa lingekuwa bado linavuja, nani angelinunua?" Akatoka.

Nami nikakumbuka barua yako ya Mei. Ndiyo maana ulinikataza ngazi, ukasema paa lingoje.

Baba yako sijamwambia. Leo amenishika mkono akingoja nimsomee, nikamsomea barua yako ya Februari, ile ya kikohozi.

Mama yako,
Torbjørg


Nesvåg, 20 Oktoba 1998

Mama,

Sijui nianzeje. Nasikia mkono wako haukuwa mzima, Oddmund alinipigia simu. Pole.

Mwezi wa Mei nilijua kuna orodha, sikujua nani atanunua. Kulikuwa na amri tusiseme. Ningesema, ningefukuzwa kazi, na nyumba ingefungwa vilevile baadaye. Najiambia hivyo kila siku.

Nilikwenda kuona chumba atakachopewa baba. Ni kisafi, kina joto. Dirisha linaangalia maegesho ya magari. Njoo uishi kwangu, mama. Ni padogo, lakini utamwona kila siku. Kondoo tutauza.

Wazee watahamishwa na magari ya hospitali katikati ya Novemba, kabla mlima haujafunga. Samani na vitu vyao halmashauri haina magari ya kubeba. Mkurugenzi ameniambia nitangaze kwamba familia zijitegemee.

Mwanao,
Eivind


Vassgrend, 1 Novemba 1998

Eivind mwanangu,

U mzima? Mkono umepona, niliuchoma kwa tanuri, si kitu. Theluji ya kwanza imeshuka mpaka uani.

Baba yako nimemwambia. Nilimwambia asubuhi, baada ya uji. Aligeuza uso dirishani akaliangalia blanketi, na mchana kutwa hakugeuka. Tangu siku ile anakula hata nisipomlisha, anakula tu wakimpa. Wauguzi wanasema ni maendeleo.

Kwako siji. Usiniulize tena mpaka majira ya kuchipua. Kondoo wana mimba, na Synnøve peke yake hawezi kuwalisha wake na wangu. Ndiyo, tunasemezana. Alikuja na mkate wa viazi, akakaa jikoni, hakusema samahani wala mimi sikusema. Mama yake analia anataka kujua nani atamsuka nywele huko. Wale wa Øvregard wamesema wataleta tela la kubebea makabati ya mama yake. Oddmund anatoa kamba na maboksi. Mnunuzi amekuja kuona mali yake, akatusifia rangi.

Nilikwenda nikapiga deki baraza ile ya msonobari. Usiniulize kwa nini.

Jarida lako nimelitoa ukutani, alama ya pini imebaki. Sina hasira, mwanangu, au ninayo, sijui, mimi si mtu wa shule. Lakini nakuomba kitu kimoja. Tangazo lililo hapa chini uliweke kwenye jarida kama nilivyoliandika, usilinyooshe. Na chini yake uweke jina langu, si lako. Wewe ukija njoo na glovu, maana ngazi za nyuma zina barafu, na kitanda cha baba yako kinahitaji watu wanne.

Mama yako mzazi,
Torbjørg

TANGAZO. Msaragambo wa kuhamisha vitu vya wazee wetu. Mwenye trekta aje na trekta, mwenye tela aje na tela, asiye na kitu aje na mikono. Maandazi ya iliki yatakuwepo, na kahawa. Tunaomba rangi isikwaruzwe. Tunakutana mbele ya nyumba ya wazee, saa nne asubuhi, watu wote wa Vassgrend na wana wao popote walipo, Jumamosi tarehe 14 Novemba.