Nyigu Katika Injini ya Ndege

Kamina, uwanja wa ndege

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Mwadi,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na kwamba Mama analala usingizi. Watoto je, kikohozi kimewaacha? Huku vumbi la kiangazi linatusumbua, lakini mwili ni mzima. Moyo ndio mbovu, tangu uliponiandikia kwamba mliondoa matanga ya Baba bila mimi, na kwamba Mama amekataa kuvua nguo nyeusi mpaka anione.

Sikusahau, Yaya. Mzigo ulikuwa umefungwa. Asubuhi niliyokuwa nipande treni ya Bukama kuja huko matangani, ile ndege ndogo ya daktari ilitua imerukiwa na mafuta mpaka kwenye kioo. Shefu wetu, fundi Mbelgiji, akaniambia, "Ngoy, ndege ikipona, njo weye utaenda," yaani ndipo angenipa ruhusa. Tukafungua propela, tukatoa ule mpira wa mviringo unaozuia mafuta yasitoke mbele ya injini, tukaweka mpya. Ndege ikajaribiwa, ikarudi inavuja. Tukaweka mwingine, nikausukuma kwa vidole taratibu kama mtu anayemvika mtoto mchanga. Ukavuja vilevile. Shefu akalaumu mpira, mimi nikalaumu chuma. Treni ikaenda, na iliyofuata ingefika matanga yamekwisha.

Kesho yake nilikuwa nimelala chini ya injini nikipangusa, nikamwona nyigu akiingia na udongo katika bomba dogo ambalo injini hupumulia. Nikachokoa kwa waya, likadondoka donge la tope kavu. Kumbe injini ilikosa pa kupumulia, ikayasukuma mafuta yapite kwenye mpira. Shefu akaketi juu ya sanduku la vyombo. "Shiye bawili tulikuwa bipofu," akasema.

Kinachoniuma ni kwamba Baba hakupakia gobori lake hata siku moja kabla ya kupuliza mtutu, kwa ajili ya nyigu hao hao. Nilikuwa nikimcheka alivyovimbisha mashavu.

Sasa sitapewa ruhusa tena mpaka mvua zianze. Nisalimie Mjomba aliyesimama mahali pangu, shemeji na nyavu zake, na yule mama jirani aliyewapikia wageni. Gobori msimpe mtu.

Na Mama asiteseke na joto kwa sababu yangu. Mwambie avue nguo ile, akate kipande cha upindo, anitunzie. Nikifika nitakifunga mkononi, nianze matanga yangu.

Ni mimi mdogo wako niliyechelewa,
Ngoy