Ng'ombe Walirudi, Ndoa Ikabaki

Kasulu Mjini

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kibondo, na kifua cha Mama kimepoa. Mimi nashona mpaka mgongo unauma. Tangu wakimbizi waingie, mji umejaa watu, na tajiri wangu mwenye duka la vitambaa hanipi hata nafasi ya kukohoa.

Baba, kuna jambo, na usikasirike. Juzi Gervas, niliyedhani si mume wangu tena, alikuja dukani akanishika mkono mbele ya wateja: "Twende nyumbani, wewe ni mke wangu." Nikamwambia kwamba wewe, Baba, ulisharudisha mahari, ng'ombe wote, na wazee wa pande zote wakanywa pombe ya ndizi wakaagana. Akacheka. Nikaenda Mahakama ya Mwanzo kumshtaki. Karani, Muha mwenzetu, akanisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mdogo wangu, kurudisha ng'ombe ni mila. Ndoa huvunjwa na mahakama. Na mahakama haikupokei mpaka upite baraza la usuluhishi."

Nilichukia! Miaka yote najiona huru, kumbe bado mke wa mtu. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaenda Kitanga, kwenye baraza la kata ya Gervas. Alipoitwa mara ya kwanza hakuja. Mara ya pili akaja amevaa koti, akasema ananipenda. Mzee mmoja akaniuliza, "Huwezi kumsamehe, mwanangu?" Nikasema nimemsamehe, ila sirudi. Wakaandika hati kwamba wameshindwa kutupatanisha, nami nikaipeleka mahakamani nikafungua shauri la talaka.

Sasa hakimu anataka ushahidi kwamba ndoa imevunjika, haitengenezeki tena. Nani aliona kuliko wewe? Najua ukiulizwa utaanza na ng'ombe, maana hiyo ndiyo habari unayoweza kuisimulia bila aibu. Waache ng'ombe, Baba. Siku uliyokuja kunichukua ulinikuta nimejifungia jikoni, meno yamevunjika, nawe ukalia. Hatujawahi kuizungumza siku ile. Nakuomba uje uiseme mbele ya watu, Gervas akisikia.

Msalimie Mama, shangazi aliyenifundisha kushona, na kaka zangu walioswaga wale ng'ombe bure.

Usipokuja nitasimama peke yangu, na nitasema mwenyewe. Lakini njoo, Baba.

Binti yako,
Eliza